Nyusi za Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo umekuachia japo kidogo, maana nakujua, hata ukiuma hutaki kukaa chini. Shemeji hajambo? Mwambie ile redio aliyoifungua mezani mbele yangu, akaapa kuifunga kabla chai haijapoa, bado naiulizia. Ikiwa imeshaanza kuimba, nitaanza kuamini miujiza. Na Chiriku wangu je? Kila nikiliandika jina hilo hucheka peke yangu. Marehemu baba alimbandika kwa sababu ya zile kelele zake za utotoni, kabla yeyote hajajua kwamba mwenyewe hazisikii. Nasi tukaliacha hivyo hivyo, na sasa haliwezi tena kumtoka.

Mimi huku sijambo, ila nina pengo jipya upande wa juu, kushoto. Usicheke bado. Pengo hilo ndilo lililonifanya nichelewe kukujibu, na ndilo nitakalokueleza.

Najua umekasirika. Barua yako imefika siku nyingi nami kimya, mimi ambaye baba alisema sikuzaliwa kwa kilio bali kwa hotuba. Umeniuliza jambo moja tu: Chiriku aingie darasa la pili katika shule ya hapo jirani, pamoja na watoto wanaosikia, au aje huku kwetu akae bwenini? Umeniambia yule mwalimu wa jirani amekubali kumpokea kwa sababu nilimpima mimi mwenyewe likizo iliyopita, mbele ya nyumba nzima, nikasema mtoto anasoma. Unataka niliandike neno hilo na kulitia sahihi, basi. Na chini kabisa umeongeza kwamba akienda mbali hujui nani atagundua ana homa, kwa kuwa yeye akiumwa halii, hukaa tu pembeni. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi, dada. Nakuomba jambo moja: nakujua huanza barua kwa kuisoma mwisho. Safari hii usiruke. Nifuate polepole, jibu lako lipo.

Nianze na kikao. Mwanzoni mwa muhula Mwalimu Mkuu alitukusanya katika chumba cha walimu, kile chenye birika lisilojizima na viti ambavyo lazima ujue kipi kina mguu mbovu. Akasema hataki kusikia habari za uhaba wa vitabu wala paa linalovuja, hizo anazijua. Anataka kujua jambo ambalo haliandikwi popote. Nani kati yetu anaamini, moyoni mwake, kwamba anaweza kumfanya mtoto yeyote kiziwi hapa shuleni aelewe anachomfundisha? Anyooshe mkono.

Basi mdogo wako nikanyoosha yote miwili. Sasa ujue, shuleni kwetu watu hawapigi makofi kwa kugonganisha viganja, nani atasikia? Huinua mikono yote miwili na kuitikisatikisa hewani. Kwa hiyo nikaonekana najishangilia mwenyewe, na kikao kizima kikaangua kicheko. Lakini sikuteremsha. Na kwa nini niteremshe? Mwaka wangu wa pili tu shuleni hapa, na darasa langu la watoto wadogo lilikuwa linaongoza. Kila neno ninalowafundisha wananionyesha ubaoni. Wageni wakija wanaletwa kwangu kwanza. Mwamba ngoma huvutia kwake, najua, lakini hata waliokuwa hawanipendi walikiri.

Nilichokiona kikaniwasha ni kingine. Walionyoosha mikono haraka tulikuwa sisi wageni. Kadiri mtu alivyokaa shuleni miaka mingi ndivyo mkono wake ulivyochelewa kupanda. Na mwalimu mkongwe kuliko sote, mama mmoja mfupi ambaye watoto wake hupanda darasa wakiwa wanasoma kweli na kila mmoja anajua hivyo, yeye aliuinua mkono hadi usawa wa bega, akauchezesha huku na huku kama mtu anayepima chumvi, kisha akaushusha na kuendelea na chai yake. Nikajiuliza, ebo, huyu ana nini? Kama yeye hawezi, nani anaweza?

Mama huyo tunamwita Bibi Mwavuli. Hapa lazima nikueleze kidogo, maana ni jambo zuri. Watoto viziwi hawashughuliki na jina ulilopewa na wazazi wako. Ukifika wanakuchunguza siku kadhaa, wanakutazama unavyotembea na unavyokasirika, wanashauriana uwanjani, kisha wanakupa jina lao la mkono. Huwezi kuliomba wala kulikataa. Mlinzi wa getini jina lake ni kupiga miayo. Bibi Mwavuli ni ngumi moja juu ya nyingine, kama unafungua mwavuli, kwa sababu kila aendako ana mwavuli mweusi, jua lisiwepo, mvua isiwepo, na hata darasani huingia nao. Mimi walinipa kidole kimoja juu ya unyusi, kinaunyanyua. Nyusi. Nilifurahi sana. Si unakumbuka watu walivyokuwa wakituambia kwamba tumerithi nyusi za baba, mimi na wewe, nene kama brashi za viatu? Nikasema watoto hawa wana macho, wameiona familia yetu.

Sasa njoo kwenye jino. Lilianza kwa kuuma kidogo, nikalipuuza, nawe unanijua kwa woga wa sindano. Siku chache baadaye shavu likavimba likapanda mpaka jicho likawa mstari. Daktari wa meno aliling'oa, akaniambia nipumzike. Lakini siku iliyofuata wageni wa ofisi ya elimu walikuwa wanakuja darasani kwangu, na mimi niache sifa zinipite? Nikajifunga skafu kuanzia kidevuni, nikavaa kofia ya sufu ikashuka mpaka kwenye macho, na juu yake miwani ya jua niliyoazima, kwa kuwa lile jicho liliogofya. Nikaingia darasani kama mwizi wa kuku.

Namna ninavyofundisha ni hivi. Ubaoni naandika maneno: meza, ndoo, ufunguo, mlango, sabuni. Natoa alama ya neno moja kwa mkono. Mtoto anachukua kifimbo, anakipitisha juu ya maneno, anasimama kwenye lililo sahihi. Tunatikisa mikono, anakaa, anakuja mwingine. Hata mitihani yao ya umri huu hufanyika hivyo, mtoto mmoja mmoja mezani kwangu, anaonyesha kwa kidole.

Siku ile nikamwita wa kwanza kabisa, msichana ambaye jina lake ni Kifungo kwa sababu ana alama ya mviringo kwenye shavu, kichwa chepesi kuliko wote. Nikampa alama ya sabuni. Akaanza kupitisha kifimbo polepole huku ananitazama. Akafika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo. Akaenda tena. Kisha akaweka kifimbo chini, akaniashiria nivue miwani. Nikadhani anataka kuona uvimbe, watoto ni watoto, nikamwambia asome. Akasimama kwenye neno mlango. Akaja wa pili, akaonyesha ndoo badala ya ufunguo. Wa tatu, wa nne, wote chali. Wageni wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa upole kama darasa hili limeanza wiki hii. Dada, nilitoka jasho mpaka ile skafu ikalowa.

Nilipowaza mchana nikapata sababu tele. Watoto wameogopa uso wangu. Dawa imenilegeza nikatoa alama vibaya. Wamenikomoa kwa kuwa niliwanyima kucheza. Nikajituliza hivyo. Uvimbe ukapungua, nikarudi darasani na uso wangu wa kila siku, na kumbe, maneno yote yamerudi! Sabuni ni sabuni, mlango ni mlango, kifimbo kinatua bila kosa. Nikafurahi kama robo saa hivi. Halafu furaha ikaanza kunikwama. Nikajiuliza, ni elimu gani hii inayoondoka na jino na kurudi uvimbe ukishuka?

Tangu hapo sikulala vizuri, si kwa huzuni, kwa udadisi. Nilikuwa kama mtu aliyesikia kitu kinachakura darini. Siku moja nilimpa mtoto alama ya ndoo, halafu mimi mwenyewe nikalikodolea macho neno meza, nikawa najiambia moyoni meza, meza, meza. Kifimbo kikatua kwenye meza. Nikajaribu kwa mwingine, nikawaza ufunguo. Kikatua kwenye ufunguo. Sikuelewa wananipataje.

Kuuliza si ujinga, nikamfuata Bibi Mwavuli. Nilimkuta darasani kwake watoto wakiwa wametoka, anafuta ubao. Nikamsimulia yote, tangu jino. Alianza kucheka katikati, akaketi juu ya meza ya mtoto, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa kifutio kile kile cha chaki. Kisha akaniambia niende kusimama mbele ya kioo kidogo kilicho ukutani kwake, nichague neno moja kwenye kitabu, niweke kidole juu ya jingine, halafu nikisogeze taratibu mpaka kwenye lile nililochagua. Nikafanya. Na hapo, dada yangu, nikawaona baba wawili wananyanyuka juu ya macho yangu. Sikuwanyanyua mimi. Kidole kilipokaribia neno, nyusi zikapanda zenyewe, kilipolivuka zikashuka.

Akaniambia kwamba watoto hawa tangu kuzaliwa hawana njia nyingine ya kujua kama mama amekasirika au kama chakula kiko tayari isipokuwa uso. Wamesoma nyuso kabla ya kitu kingine chochote. Sasa unasimama mbele yao na nyusi kama hizo, unategemea wahangaike na herufi? Ndipo akachukua mwavuli wake mweusi, akaufungua humo humo ndani, akaushika mbele ya uso wake kama ngao. Hivyo ndivyo anavyouliza maswali. Anatoa alama, kisha anajifunika, anasubiri mtoto achague, mwenzake agonge sakafu kwa mguu kumwambia tayari. Mimi mwaka mzima nilipita dirishani kwake nikauona ule mwavuli umefunguliwa ndani, nikasema moyoni uzee umeanza.

Nilimuuliza basi kwa nini hakunyoosha mkono kikaoni. Alinijibu kwamba asubuhi huwa anaweza, lakini saa ya kutoka ikikaribia hajui tena, na kila jioni mwavuli unamwambia kitu asichokipenda.

Niliuazima. Laiti ungeona siku ya kwanza! Nilipojifunika tu, darasa likafanya kama nyumba iliyokatiwa umeme. Kifungo akaja akachungulia chini ya mwavuli. Nikaushusha. Mvulana mmoja akalala kifudifudi sakafuni akitazama viatu vyangu, na nikagundua kwamba hata kisigino changu huwa kinainuka jibu likikaribia. Ikabidi nisimame nyuma ya kabati, mwavuli juu, miguu imefichwa. Nilicheka mwenyewe nyuma ya kabati. Lakini nilipochungulia baadaye na kuona matokeo, kicheko kikaisha. Karibu darasa zima halikuwa likijua neno hata moja. Mwaka na zaidi, dada. Nimepongezwa, nimeletewa wageni, na mtoto hajui tofauti ya sabuni na mlango. Niliumia sana. Jioni ile niliandika kichwani barua ya kuomba kurudi kwenye shule za watoto wanaosikia, ambako angalau mtoto asipoelewa hupiga kelele.

Kabla sijafanya lolote nikataka kujua jambo moja. Nikamkalisha Kifungo barazani, nikamuuliza kwa nini walinidanganya. Alishangaa kabisa. Macho yakamtoka. Mikono yake ikaenda taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto mdogo, na akasema:

"Hatukudanganya. Tulidhani somo ni wewe."

Watoto wale walikuwa wamesoma kwa bidii mwaka mzima, dada, wamesoma kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha, ila walichokisoma ni mimi. Wanajua nikikaribia kukasirika, wanajua siku niliyopata barua kutoka kwako. Ndiyo maana waliniita Nyusi. Nilidhani wananisifu, kumbe walikuwa wanatajiana ukurasa.

Nilimrudia Bibi Mwavuli nikamwambia mimi siwezi kazi hii. Nilidhani atanibembeleza. Akakasirika. Akasema alishawahi kuona mwalimu aliyeingia kwa kujiamini kama mimi, akagundua alichokigundua, akajikunja. Akaacha kuwapa watoto jambo lolote gumu ili asiwaone wakishindwa, akawa anawachoresha maua tu mpaka alipohamishwa. "Mwenye hakika kupita kiasi hawatazami," akaniambia, "na mwenye hofu kupita kiasi hawatazami. Wewe watazame." Kisha akanidai mwavuli wake, akasema wa kwangu ninunue.

Nikaanza upya. Sasa siulizi kama wameelewa, maana nikiuliza kichwa changu hutikisika chenyewe na vyao hufuata. Naandika jambo kwenye karatasi, namkabidhi mtoto, nampa mgongo. Kama amesoma, kitu kitatokea. Wiki za kwanza hakikutokea kitu. Nilitazama ukuta mpaka nikazijua nyufa zake. Mtoto ananivuta shati nigeuke, nakataa. Mmoja alilia kwa hasira akaichana karatasi, na nikamwelewa, maana tumempokonya kitabu alichokijua vizuri.

Halafu siku moja nikampa Kifungo karatasi ambayo hakuwahi kuiona: nyuma ya kabati kuna chungwa, lete, mpe rafiki nusu. Nikageukia ukuta. Nakwambia kweli, sikujua kama ataweza. Zamani nilikuwa najua kila kitu kabla hakijatokea. Safari hii nilisimama kama mtu anayesubiri nje ya wodi ya wazazi. Muda ukapita. Sikuhisi hatua yoyote, nikasema moyoni basi, imeshindikana. Ndipo harufu ikanifikia. Harufu ya ganda la chungwa! Nikageuka. Kifungo na mwenzake wamekaa chini kila mmoja na nusu yake, maji yanawachuruzika mpaka kwenye viwiko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitazama. Sijawahi kuwa mwenye furaha kiasi kile kwa kutotazamwa. Nikatoka nje nikajifanya napiga chafya.

Sasa wanasoma karatasi za namna hiyo watoto watano, na wengine wako njiani. Si wengi. Mwalimu Mkuu amenipunguzia wageni, na ni haki. Lakini hao watano ni wa kweli.

Dada, sasa nimefika. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo acha nilitoe.

Kumbuka siku ile mezani kwako. Niliweka zile kadi tatu: kikombe, kijiko, kiatu. Nikatoa alama, Chiriku akapitisha kidole, akasimama kwenye sahihi. Mara ya pili sahihi. Mara zote sahihi. Shemeji akaacha redio, wewe ukaziba mdomo kwa mkono, na mimi nikasema kwa sauti ya baba, mtoto huyu anasoma, mpelekeni popote. Nilikaa wapi? Mbele yake, uso wazi. Na wewe ulisimama wapi? Nyuma yangu, na nyusi zile zile. Mtoto alikuwa na nyusi nne za baba mbele yake, dada, ambazo amekua akizitazama tangu siku ya kwanza alipofumbua macho. Asingeweza kukosea hata kama angetaka.

Kwa hiyo neno langu nalirudisha. Sitaliandika wala kulitia sahihi. Si kwamba nasema hajui kusoma. Nasema sijui. Hakuna anayejua, maana hakuna aliyewahi kumuuliza akiwa amemgeuzia mgongo. Na ukimpeleka darasa la pili kwa neno langu, ataketi dawati la mbele akiusoma uso wa mwalimu kutwa nzima, atapata vema, atasifiwa, na atafika darasa la juu akiwa hana chochote mkononi isipokuwa nyuso za watu. Hilo ndilo lililonizuia kalamu siku zote hizi. Nilijua unachotaka ni karatasi ya kumbakiza nyumbani, na mimi ndiye niliyekuahidi.

Fanya hivi kabla ya kuamua. Mwandikie kitu kimoja kwa herufi kubwa, kitu anachokipenda, useme kiko wapi. Mpe. Kisha geuka, uoshe vyombo, uimbe, usimtazame hata akikuvuta nguo. Mwambie na shemeji atoke nje, naye uso wake unasema sana. Akienda akakichukua, mpeleke hapo jirani, na mimi nitafurahi kuaibika, niite utakavyo. Asipokwenda, mlete kwangu. Siahidi kwamba nitaweza. Zamani ningekuahidi kwa mikono yote miwili. Sasa nakuahidi kwamba nitamtazama, na kwamba siku nisipoweza utasikia kutoka kwangu, si kwa mwingine. Kuhusu homa, nimeshazungumza na mama wa bwenini. Nimemwambia mtoto wangu akiumwa halii, hukaa pembeni. Amesema wapo wengi wa hivyo hapa, na yeye kila jioni hupita pembeni kwanza.

Msalimie sana shemeji, na umwambie nimemsamehe kuhusu redio. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka kwa wema, na wanaonikumbuka kwa kelele. Wewe mwenyewe utunze mgongo.

Ila kuna mmoja ambaye salamu zake huna haja ya kumfikishia. Nina hakika unaposoma mstari huu Chiriku yuko hapo karibu, ameacha alichokuwa akicheza, anakutazama. Tangu ulipofungua bahasha anazifuata nyusi zako, na alishajua kabla yako kwamba kuna jambo. Usimtabasamulie kwa kujilazimisha, atakukamata. Muda wote huu yeye ndiye aliyekuwa akitusoma sisi. Weka barua chini, dada yangu, umtazame na wewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Nyusi